Kuni, Moto na Maji: Mjadala wa Uzito wa Juu Barazani Gombani

Swali aliliuliza dereva wa bodaboda, na kabla hajalimaliza watu wawili walikwisha kuanza kulijibu: George Foreman yule wa mwaka 1973, aliyemwangusha Joe Frazier mara 6 ndani ya raundi 2, angekutana na Oleksandr Usyk, nani angebaki amesimama?

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, kwenye baraza ya nyumba moja hapa Gombani, Chake Chake, si mbali na uwanja wa mpira. Mbele yetu karafuu zilianikwa kwenye majamvi. Alikuwapo Mzee, mwenye nyumba, mchumaji karafuu ambaye katika ujana wake alikuwa akishika kamba kwenye mchezo wa ng'ombe. Alikuwapo Maalim, anayesomesha hesabu skuli ya sekondari. Alikuwapo Dereva, kijana asiyepitwa na pambano lolote la uzito wa juu. Na alikuwapo Muuguzi, binti wa Mzee, aliyetoka zamu na kukaa kizingitini na birika la kahawa. Mimi nilisikiliza. Nayaandika maneno yao kwa sababu mjadala ulioanzia Kinshasa na Riyadh uliishia kwetu wenyewe.

Dereva: Mimi sioni pa kubishana. Usyk kampiga Anthony Joshua London mwaka 2021, kampiga tena Jeddah mwaka 2022. Tyson Fury kampiga Riyadh mara mbili, Mei na Disemba 2024. Daniel Dubois kampiga mwaka 2023, akamrudia Wembley Julai 2025 na kummaliza raundi ya 5. Na Dubois huyo ndiye aliyemlaza Joshua Septemba 2024. Mtu aliyewapiga wote hao atashindwaje na Foreman, aliyepigwa na Muhammad Ali?

Maalim: Hapo ndipo unapoteleza, mwanangu. Unawapanga mabondia kama namba: 5 ni kubwa kuliko 3, 3 ni kubwa kuliko 2, basi 5 ni kubwa kuliko 2. Kwenye namba ni kweli daima, ulingoni si kweli. Chukua miaka ile minne tu. Machi 1971, New York, Frazier alimshinda Ali na kumwangusha raundi ya 15. Januari 1973, mjini Kingston kule Jamaica, Foreman akamfagia Frazier. Kwa hesabu yako Ali alikuwa hana lake mbele ya Foreman. Lakini tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, Ali akamlaza Foreman raundi ya 8. Mtie na Ken Norton. Machi 1973 alimvunja Ali taya. Mwaka mmoja baadaye, Caracas, Foreman alimmaliza Norton huyo huyo raundi ya 2.

Mzee: Moto hula kuni. Maji huzima moto. Na kuni huelea juu ya maji. Katika vitatu hivyo, niambie wewe, kipi ndicho bingwa?

Dereva: Nimekufahamu, Babu, lakini bado hujanambia kwa nini. Frazier alimwezaje Ali, kisha akashindwa hata kusimama mbele ya Foreman?

Mzee: Kwa sababu ya umbali. Umewahi kwenda Chwale au Kengeja siku ya mchezo wa ng'ombe? Yuko ng'ombe anayekuja moja kwa moja, kichwa chini. Huyo mchezaji mwenye miguu atacheza naye mpaka jua lizame. Anamwonyesha kitambaa, anasogea hatua moja, ng'ombe anapita. Yuko mwengine hakimbilii. Anasimama, anakutazama, anangoja umkaribie. Huyo ndiye aliyewajeruhi wajanja wengi niliowajua. Mchezaji ni yule yule na kitambaa ni kile kile, ila ng'ombe amebadilika.

Sasa Frazier alikuwa mtu wa kuingia ndani. Anainama, anayumba, anakubali kula makonde mawili ili afike kifuani kwako na mkono wake wa kushoto. Ali alitaka mtu akae mbali amdonoe, na Frazier alimnyima nafasi hiyo. Lakini Foreman hakuwa na haja ya kumkimbia Frazier. Alitaka aje. Alimsukuma mabegani kwa mikono miwili, akamsimamisha pale pale konde lake linapotua na nguvu zake zote, akampiga kutoka chini. Kila Frazier alivyojitahidi kuingia ndivyo alivyojipeleka mwenyewe. Mbinu iliyompa ushindi New York ndiyo iliyomwangamiza Kingston.

Muuguzi: Baba, umeruka kitu. Kule Kinshasa Ali hakukaa mbali. Aliegemea kamba akamwacha Foreman amfuate na kumpiga. Kama siri ni umbali, basi Ali aliutupa umbali wake kwa mkono wake mwenyewe, na bado alishinda.

Mzee alinyamaza akamalizia kikombe chake. Nilimpenda kwa kimya kile, maana hakikuwa kimya cha mtu anayetafuta pa kutokea.

Mzee: Kweli. Walipigana saa 10 alfajiri ya Kinshasa, huku kwetu jua linachomoza. Habari ilipotufikia kwenye redio tulidhani mtangazaji kakosea majina. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisema Ali alishinda kwa ujanja, na nikaishia hapo. Ujanja gani, sikujiuliza.

Maalim: Naomba niutafute kwenye hesabu. Foreman alifika Kinshasa na miaka 25, ameshinda mapambano 40 kati ya 40, na 37 kati ya hayo kwa nokauti. Katika mapambano yake 8 ya mwisho hakuna aliyevuka naye raundi ya 2. Sote tulizisoma namba hizo kama sifa. Ali, aliyekuwa na miaka 32, alizisoma kwa namna nyengine: huyu mtu ana zaidi ya miaka mitatu hajui raundi ya 6 inafananaje. Basi akampa kile alichokitaka, lengo lililosimama karibu yake, lakini akamuuzia kwa bei ya pumzi. Kila konde lililotua kwenye mikono na mbavu za Ali lilimchosha aliyelipiga. Ilipofika raundi ya 8, Foreman alikuwa na nguvu za kurusha mikono tu, hana za kuirudisha ajikinge.

Mzee: Basi narekebisha maneno yangu. Kuwa mbali au karibu si kitu peke yake. La kuuliza ni hili: katika umbali huo, nani anamlipisha mwenziwe?

Dereva: Kwa kipimo hicho Usyk anashinda vile vile. Yeye ni mashoto. Anaweka mguu wake wa mbele nje ya mguu wa Foreman, halafu anazunguka. Foreman amezoea kusukuma mtu aliye mbele ya kifua chake, na Usyk hatakuwepo hapo. Tena ana ushahidi. Machi 1977, San Juan, Jimmy Young alimzungusha Foreman raundi 12, akamwangusha ya mwisho, akashinda kwa pointi. Na Young hakuwa mpigaji mkubwa.

Mzee: Mashoto? Novemba 1994 Foreman alikuwa na miaka 45. Mbele yake Michael Moorer, bingwa wa dunia, mashoto, hajawahi kushindwa. Raundi 9 Foreman yuko nyuma kwa pointi. Raundi ya 10 mkono mmoja wa kulia ulionyooka, na Moorer kalala. Dawa ya mashoto tangu zamani ni mkono wa kulia ulionyooka, na Foreman alikufa Machi 2025 akiwa mmoja wa walioupiga vizuri kuliko wote.

Dereva: Lakini Moorer alisimama mbele yake, Babu! Kona yake ilimpigia kelele asogee. Usyk hawezi kusimama.

Maalim: Ngojeni kwanza tuondoe kosa moja. Kila mtu hapa anamwona Foreman kama jabali na Usyk kama mtu mdogo aliyewazidi majitu maarifa. Sasa sikilizeni mizani. Foreman wa Kinshasa alikuwa na kilo 100 hivi. Usyk wa Mei 2024 alikuwa na kilo 101 hivi. Urefu wao karibu sawa, sentimita 191 au zaidi kidogo. Jitu ni Fury, sentimita 206, kilo zaidi ya 118 pambano la kwanza na zaidi ya 127 la pili. Foreman tunamkumbuka mkubwa kwa sababu tulimwona ameinamia Frazier. Usyk tunamkumbuka mdogo kwa sababu tulimwona chini ya kidevu cha Fury. Macho yanapima mtu kwa aliye pembeni yake.

Dereva: Hilo sikulijua. Basi Foreman hana hata uzito wa kumzidi.

Maalim: Hana, na Usyk naye hatakuwa na kile kilichomsaidia kwa Fury na Joshua, yaani wepesi wa mtu wa kilo 101 mbele ya mtu mzito kuliko yeye. Hapa anapigana na mtu wa uzito wake mwenye ngumi zinazotisha kuliko za Dubois. Na tumemwona Usyk akisumbuliwa. Oktoba 2020, London, Derek Chisora alimfuata kifua kwa kifua raundi za mwanzo na hakumpa raha. Usyk alitulia, akashinda kwa pointi. Lakini Chisora si Foreman. Ukiniuliza, raundi 4 za kwanza ni za Foreman, na huenda pambano likaishia humo. Likivuka hapo, linakuwa la Usyk. Fury aliyeonekana anacheza Mei 2024 alihesabiwa na refa raundi ya 9. Usyk huanza kumlipisha mtu pale mtu anapodhani kazi imekwisha.

Mzee: Mimi nampa Foreman. Raundi ya 3.

Dereva: Mimi Usyk. Raundi ya 10, refa anasimamisha.

Muuguzi: Kabla hamjagawana ushindi, kuna kitu hamjakipanga. Raundi 12 au 15?

Wote walimtazama. Alikuwa anamimina kahawa, hakuinua kichwa.

Muuguzi: Siulizi kwa kuwachokoza. Ali na Frazier walipigana raundi 15. Leo ni 12. Novemba 1982 bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, wa uzito mwepesi, alianguka raundi ya 14 mbele ya Ray Mancini, akafa siku chache baadaye. Baada ya kifo kile Baraza la Ngumi la Dunia, WBC, likapunguza raundi za ubingwa, na wengine wakafuata. Kwa hiyo hata hizo raundi 12 mnazozitumia kumpimia Usyk zimetokana na maiti ya mtu.

Na nyie mmesema kule Kinshasa Foreman ndiye aliyelipa. Alilipa usiku ule. Lakini Ali aliendelea kupigana mpaka 1981. Oktoba 1980 Larry Holmes alimpiga mpaka kona yake ikamzuia asiinuke tena. Mwaka 1984 madaktari wakamkuta na Parkinson. Hakuna daktari atakayekwambia ni konde lipi, wala kuapa kwamba ni ngumi pekee. Ila tunalojua wodini ni kwamba kichwa hakisahau. Makonde hujumlika, hata yale ambayo mwenyewe aliyacheka. Sasa mbinu ya kumwachia mtu akupige mpaka achoke, Baba, nani aliyelipishwa mwisho wa safari?

Sikumsikia mtu akijibu. Ndipo Dereva akaanza kusema kwa sauti ya chini kuliko ya mwanzo.

Dereva: Mimi pambano ninalolitamani kuliko yote halikuwahi kupigwa. Ali na Teófilo Stevenson.

Maalim: Yule Mcuba. Dhahabu ya Olimpiki 1972, 1976 na 1980, zote uzito wa juu. Mrefu, sentimita 196 hivi, mkono wa kulia ulionyooka kama mti wa mlingoti. Miaka ya 1970 wafanyabiashara wa Marekani walimtaka sana aje apigane na Ali, na yeye akakataa fedha zao. Cuba ilikwisha kupiga marufuku ngumi za kulipwa mwaka 1962.

Dereva: Na mimi nasema angempiga Ali wa 1976. Ali alikuwa ameshaacha miguu yake Manila, Oktoba 1975, kwa Frazier. Stevenson angesimama mbali na kumwachia ule mkono.

Maalim: Ali alikuwa na silaha ya Kinshasa: muda. Stevenson alilelewa kwenye raundi 3 za ridhaa. Umpeleke raundi ya 11, atakuwa kwenye nchi asiyoijua. Na kuna jengine. Mrusi mmoja, Igor Vysotsky, alimshinda Stevenson mara mbili, 1973 na 1976. Alikuwa mfupi kuliko Stevenson, naye aliingia ndani hamwachii nafasi. Kwa hiyo kuni zake tunazijua. Angemtesa Ali, lakini Frazier angemtesa yeye.

Mzee: Nyote mnazungumzia kisiwa cha watu. Hebu tukizungumzie chetu. Cuba ilikataza fedha kwenye ngumi ikabakisha ngumi. Sisi, baada ya Mapinduzi ya 1964, Mzee Karume alikataza ngumi zenyewe. Karibu miaka 60. Cuba ikatoa Stevenson, ikatoa Félix Savón naye dhahabu 3. Tanzania Bara ikatoa Titus Simba, fedha ya Jumuiya ya Madola 1970, na Michael Yombayomba, dhahabu 1998. Mwaka 2022 Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike wakaleta shaba kutoka Birmingham. Sisi tuliobaki hapa ngumi tulizijua kwa kusikia na kutazama. Tukawa mabingwa wa kubishana.

Dereva: Sasa marufuku imeondoka, Babu. Tangu 2023 mabondia wamepanda ulingoni Unguja. Kwa nini si hapa? Januari 2025 uwanja huu ulijaa, Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2-1 fainali ya Kombe la Mapinduzi. Ulijaa kwa mpira, utajaa kwa ngumi. Tuwekeeni pambano la uzito wa juu hapa Gombani.

Maalim: Uzito wa juu utawapata wapi? Nchi nzima mabondia wa kilo zaidi ya 90 ni wachache mno. Sifa yetu iko kwenye uzito wa kati na chini yake. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo alikwenda Birmingham kama mgeni aliyeitwa kupambana na mwenye mji, Sam Eggington, akammaliza raundi ya 2. Walioandaa lile pambano waliangalia majina na rekodi. Hawakuangalia nani anamfaa nani.

Muuguzi: Na hilo ndilo ninaloliogopa. Siku ile kosa la mpangaji lilimpa Mtanzania ushindi. Siku nyengine kosa hilo hilo linamleta kijana wodini kwangu. Ukimpanga kijana wa kuingia ndani, asiyejua kujikinga, na mtu kama Foreman, ujue umekwisha kuamua. Hata kama kilo zao ni sawa. Hata kama wote wameshinda mapambano 5.

Dereva: Kwa hiyo, Dada, hutaki ngumi Gombani?

Muuguzi: Sikusema hivyo. Nasema zianze na watoto wafundishwe kukwepa kabla ya kupiga. Daktari awepo ulingoni kabla tiketi hazijauzwa. Na mpangaji awe mtu anayejua haya mliyokuwa mkiyasema tangu alasiri. Mmekaa hapa mnauliza Foreman na Usyk nani angemlipisha nani. Swali zuri sana. Kwa nini muwaulizie mabingwa wa Marekani na Ukraine tu, msimuulizie kijana wa Wawi anayetaka kupanda ulingoni mwezi ujao?

Hapo nilifunga daftari, kwa kuwa neno langu lilikuwa limeshasemwa. Kwa miaka mingi nimewasikia watu wakiuita ubishi wa aina hii porojo za barazani, na mimi mwenyewe nilikuwa nikiamini hivyo. Siamini tena. Ujuzi wa mitindo, kwamba ushindi hauendi kwa ngazi, kwamba silaha ya leo ni mtego wa kesho, kwamba idadi ya raundi na urefu wa pumzi hubadilisha kila kitu, ndio ujuzi anaotakiwa kuwa nao yeyote anayemweka binadamu mbele ya ngumi za binadamu mwenziwe. Kilo kwenye mizani haziutoshi. Rekodi iliyoandikwa kwenye karatasi haiutoshi. Pemba ujuzi huo upo, umelelewa na watu ambao kwa karibu miaka 60 hawakuruhusiwa kuvaa glovu. Ngumi zikija Gombani ziukute umekaa kiti cha mbele.

Dereva alikuwa ameshawasha pikipiki, abiria wake anamngoja barabarani. Mzee akamwita arudi kidogo.

Mzee: Mjukuu wangu, unajua kwenye mchezo wa ng'ombe mimi nilifanya kazi gani? Sikuwa mchezaji. Nilishika kamba. Watu wote wanamtazama mwenye kitambaa, na wewe unamtazama ng'ombe miguu yake, na mchezaji macho yake. Ukiona huyu ng'ombe si wa huyu mtu, unavuta. Hata kama uwanja mzima unapiga kelele uachie. Mkileta ngumi, nitakuja kutazama. Lakini kwanza nambieni nani anashika kamba.